Sindano za testosteroni: hukumu yake, funga, na haki ya mke

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Nina miaka 38. Daktari amenipima damu, akasema homoni yangu ya kiume iko chini na anataka nianze sindano za testosteroni. Je, huku si kubadili maumbile aliyoyaumba Allah? Na je, zinafunguza? Mimi na mke wangu bado tunatafuta mtoto.

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah. Ndugu yangu, kurudisha mwili kwenye hali yake ya afya ni tiba, na tiba inaruhusiwa. Mtume (s.a.w.) alisema tujitibu, kwani Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa moja: uzee (Abu Daud na Tirmidhi). Kwa hiyo kwanza uthibitishe kwamba ni maradhi. Homoni hii hupanda alfajiri na kushuka mchana, hivyo kipimo kimoja cha alasiri si ushahidi. Pima asubuhi mbili tofauti, kabla ya saa nne, hujala kitu. Madaktari wengi huhesabu chini ya 300 ng/dL kuwa ni upungufu, iwapo pia zipo dalili kama kukosa hamu ya tendo la ndoa na kuishiwa nguvu. Unene na dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni navyo huishusha, na hapo hutibiwa chanzo.

Dawa yenyewe hutengenezwa maabara na kubebwa ndani ya mafuta ya mimea: aina ya enanthate kwa kawaida katika ufuta, ya cypionate katika mbegu za pamba, ya undecanoate katika mbarika. Sioni najisi hapo.

Kinachonitia wasiwasi ni hilo la mtoto, nawe umelitaja mwisho. Ubongo ukiona testosteroni imejaa kwenye damu, tezi ya pituitari hupunguza homoni za LH na FSH, ambazo ndizo zinazoamrisha korodani. Korodani huhitaji testosteroni yao wenyewe, nyingi kuliko iliyomo kwenye damu, na sindano haiwezi kuifidia. Matokeo yake mbegu hupungua, mara nyingi hadi kuisha kabisa ndani ya miezi michache. Mume huona nguvu zimerudi akadhani na uzazi umerudi, kumbe ni kinyume chake. Akiacha sindano, mbegu huchukua miezi 6 hadi 12 kurejea, wengine zaidi, na wapo ambao hazirudi zote.

Wanazuoni wengi wameshurutisha ridhaa ya mke katika azl (mume kumwaga nje), kwa kuwa naye ana haki ya mtoto. Sindano hii ni nzito kuliko azl, kwani azl huachwa usiku huohuo. Kwa hiyo usianze bila yeye kujua na kuridhia. Mwulize daktari kuhusu klomifeni au hCG, ambazo huisukuma korodani ifanye kazi yenyewe. Maadamu mnatafuta mtoto, huko ndiko kwa kuanzia.

Ama funga, haibatiliki. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1997 lilipitisha kwamba sindano za ngozi, msuli au mshipa zisizo za lishe hazifunguzi. Na kwa kuwa dozi ya kawaida ni miligramu 100 kwa wiki, au 200 kila wiki mbili, ni rahisi kuipanga baada ya futari. Kuhusu sitara, jifunze kujichoma mwenyewe upande wa nje wa paja. Undecanoate haichomwi hivyo: ni miligramu 1,000 katika mililita 4, ndani ya msuli wa tako, polepole kwa dakika mbili. Achome mhudumu mwanamume akipatikana. Mafuta yakiingia mshipani huweza kufika mapafuni ukakohoa na kubanwa pumzi, basi usiondoke kituoni kabla ya nusu saa.

Rudi upimwe damu baada ya miezi mitatu hadi sita. Sehemu ya chembe nyekundu ikipita asilimia 54, damu imekuwa nzito na inaweza kuganda: dawa husimamishwa mpaka ishuke. Pima na tezi dume. Mwenye saratani ya tezi dume au ya titi hapewi dawa hii bila mtaalamu wa saratani. Na mzima anayejidunga ili atunishe misuli, hilo halijuzu, kwa hadithi ya Ibn Majah: hakuna kudhuru wala kudhuriana.

Wallahu a'lam.