Kumpa mwanafunzi chaki si kukwepa kipindi

Mwalimu, umeuliza kama kumwachia mwanafunzi afundishe ni uvivu, maana wenzako ofisini wameanza kukusema. Nakujibu kwa ninayoyaona darasani. Nafundisha hesabu sekondari hapa Tanga, watoto wengi wanatoka Makorora na Ngamiani, na chaki nawapa kila mada inaporuhusu.

Anayefaidika kuliko wote ni yule anayesimama mbele. Mtoto anayesoma kwa ajili ya mtihani hukariri njia, basi. Akijua kesho atafundisha wenzake, anaanza kujiuliza watamuuliza nini. Binti mmoja wa kidato cha kwanza, wa alama za katikati tu, nilimpa namba hasi. Akaandika ubaoni 5 − (−3) = 8. Mvulana wa dawati la nyuma akakataa: "Kutoa kunapunguza, mbona imeongezeka?" Swali hilo mimi hawaniulizi, nikiandika mimi, wananakili na kunyamaza. Binti akatulia kidogo, kisha akasema: "Una elfu nane mfukoni, dukani unadaiwa elfu tatu. Yako hasa ni ngapi?" Wakajibu elfu tano. "Haya, mwenye duka kakutolea lile deni, kalifuta. Sasa una ngapi?" Elfu nane! Mfano ule sikumpa mimi. Tangu siku ile kosa la alama ya kutoa na kujumlisha halimpati ovyo.

Faida nyingine ni yako wewe. Ukikaa nyuma unasikia darasa linafikirije. Masomo ya sekondari ni kwa Kiingereza, lakini wakielezana wenyewe wanarudi kwenye Kiswahili, na hapo ndipo unapojua nani kaelewa na nani kashika sentensi tu.

Jambo lenyewe si geni. Madrasa zetu hapa pwani, mtoto aliyetangulia humsikiliza anayeanza alifu na be, akamsahihisha. Joseph Lancaster alifungua shule London mwaka 1798, wakubwa wakafundisha wadogo kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kuajiri walimu. Jean-Pol Martin, mwalimu wa Kifaransa Ujerumani, aliliendeleza miaka ya 1980 kwa nia tofauti: mwanafunzi ajifunze zaidi kwa kufundisha. Tofauti hiyo ndiyo ya kuwaambia wenzako. Anayewaachia watoto darasa akaenda kunywa chai kweli anakwepa. Anayebaki darasani ana kazi mara mbili.

Kazi yenyewe ni hii. Mpe mada ndogo siku chache kabla, kaa naye pembeni akueleze kwanza. Katika kipindi cha dakika 40, dakika 15 zinamtosha. Akikosea usimkatize, andika. Wenzake wasipoliona kosa, lirekebishe mwisho bila kumwaibisha. Kucheka anayekosea piga marufuku kabisa, la sivyo wanyonge hawatasimama tena. Na usiwape wale vinara peke yao! Wao wanaruka hatua kwa sababu kwao ni rahisi. Wa katikati anakumbuka alikwama wapi, ndiyo maana anaeleweka. Akianza kunakili daftari ubaoni, mwambie alifunge na aeleze kwa mdomo.

Wiki ya kwanza anza na mada uliyokwisha kufundisha, kwenye kidato cha kwanza au cha pili. Kidato cha nne subiri, mwaka wa mtihani hawana utulivu wa kuzoea jambo jipya.