Maswali ya Wasomaji: Kila anayeuawa ananilaumu mimi

Mhariri mpendwa, mimi ni mwanafunzi wa chuo, ninaishi Kadutu hapa Bukavu. Jioni ninacheza mchezo wa vita wa Mobile Legends kwa simu pamoja na kaka zangu wawili na marafiki wawili wa Ibanda. Mimi ndiye mponyaji wa timu, ninamtumia shujaa aitwaye Estes. Kila anayeuawa husema kwamba sikumponya. Juzi kaka yangu mkubwa alikimbilia mnara wa wapinzani peke yake, akauawa, akanifokea mbele ya wote. Je, niiache kazi hii nichukue shujaa wa kushambulia?
Dada wa Kadutu

Dada yetu, usiiache kabla ya kuzungumza na wenzako, kwa maana tatizo unaloeleza haliko mikononi mwako peke yako. Unajua kwamba Estes anapomponya mwenzake huunganishwa naye kwa uzi wa mwanga, na uponyaji huendelea ikiwa tu wawili hao hawajaachana mbali. Kaka yako alipokimbilia mnara, uzi ulikatika; na kama ungemfuata, mngekufa wawili, kwa sababu Estes hana mbio za kujiokoa. Kubaki nyuma na watatu waliosalia ulikuwa uamuzi sahihi, ingawa najua unauma.

Kosa hilo la kukimbilia mbele nililiona zamani katika mchezo mwingine, World of Warcraft, ambamo kundi la kawaida la mapangoni ni la watu 5: mmoja hupokea mapigo, mmoja huponya, watatu hushambulia. Nguvu za kuponya zikiisha, mponyaji huketi chini anywe maji hadi zirudi. Mara nyingi nilikuwa bado nimeketi, chupa mkononi, wakati mwenzangu alipofungua mapigano katika chumba kilichofuata, na baada ya nusu dakika sote tukawa maiti. Tangu siku hizo naamini kwamba subira inayodaiwa kwa mponyaji inawahusu kwanza wale walio mbele yake.

Upande wako pia kuna la kurekebisha. Subira ya mponyaji haimaanishi kuvumilia matusi. Maana yake ni kutoutumia uwezo mkuu wa Estes, ule wenye nguvu kuliko mwingine, kwa sababu tu mtu amepiga kelele, bali kungoja hadi wenzako wawili au watatu wawe karibu nawe na mapigano yameanza kweli. Lakini usingoje kupita kiasi. Mchezo wa Overwatch ulipotoka mwaka 2016, mponyaji wake Mercy aliweza kuwafufua wenzake kadhaa kwa mara moja, na baadhi ya wachezaji wakawa wanajificha pembeni wakisubiri timu ife ili waiinue yote. Mwaka 2017 watengenezaji waliubadilisha uwezo huo ukawa wa kumfufua mtu mmoja tu. Anayeweza kuokolewa sasa, mwokoe sasa.

Kuhusu kaka yako mkubwa, usimjibu mchezo ukiendelea, maana hapo hakuna anayesikia, na kumjibu mkubwa kwa ukali mbele ya wageni kutaongeza jambo jingine nyumbani. Mweleze wakati wa chakula, simu zikiwa zimewekwa kando. Kubalianeni neno moja fupi la kusema kabla ya kushambulia, na jingine la kurudi nyuma. Umeme ukikatika au mtandao ukikwama, jambo ambalo Bukavu tunalijua sote, aliyekwama aseme mapema ili asisubiriwe bure.

Kisha umwombe amchukue Estes kwa mechi tatu, nawe uchukue shujaa wake. Usimkomoe, cheza vizuri, ila mara moja usonge mbele kidogo kuliko inavyofaa, ili auone mwenyewe uzi ule ukikatika huku mstari wako wa uhai ukishuka.