Kitufe ‘hufungwa’ au hupangiwa kazi?

Swali: Ninatafsiri kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza mwongozo wa Bash, ambayo ni ‘ganda’ (kwa Kiingereza shell), yaani programu inayopokea amri anazoandika mtumiaji na kuzitekeleza. Nimeandika kwamba mtumiaji anaweza ‘kufunga vitufe’, kwamba ganda lina ‘modi ya Emacs’ na ‘modi ya vi’ (majina ya programu mbili za kuhariri maandishi), na kwamba ndani ya modi ya vi kuna ‘modi ya amri’. Mwenzangu anasema haelewi. Nimekosea wapi?

Jibu: Tuanze na ‘funga’, kwa kuwa hapo ndipo msomaji hupotoshwa zaidi. Tunafunga mzigo kwa kamba, na tunafunga mlango usipitike. Wewe umekusudia maana ya kwanza, yaani kukiambatanisha kitufe na kazi fulani, lakini neno likisimama karibu na kitufe, msomaji huipokea maana ya pili, akadhani kitufe kimezuiwa kisitumike. Kiswahili kina njia iliyo wazi zaidi, nayo ni kauli ya kutendea: kupanga huzaa kupangia, na hivyo tunasema kitufe kimepangiwa kazi. Katika Bash, kwa mfano, Ctrl pamoja na A vimepangiwa kazi ya kurudisha kielekezi mwanzo wa mstari, na Ctrl pamoja na R vimepangiwa kazi ya kutafuta amri zilizokwisha kuandikwa. Ukihitaji nomino, andika ‘kazi za vitufe’, wala usiandike ‘mpangilio wa vitufe’, kwa sababu huo ni jinsi herufi zilivyokaa kwenye kibodi, jambo jingine kabisa.

Kuhusu ‘modi’, silikatai neno hilo kwa kuwa ni la mkopo. Tatizo ni kwamba umelibebesha mambo mawili yasiyolingana. Jambo la kwanza ni uchaguzi ambao mtumiaji huufanya mara moja, pengine kwa kuuandika katika faili la mipangilio: akitoa amri ya set -o vi, ganda litahariri mstari kwa taratibu za vi, na akitoa set -o emacs, litarudi kwenye taratibu za Emacs, ambazo ndizo Bash huanza nazo asipochagua lolote. Huo mimi ningeuita mtindo wa kuhariri. Jambo la pili ni hali anayoingia na kutoka mara nyingi ndani ya dakika moja: katika mtindo wa vi huanza katika hali ya kuingiza maandishi, akibonyeza Esc huingia katika hali ya amri, ambamo herufi k haiandikwi tena bali huleta amri iliyotangulia, na akibonyeza i hurejea kwenye kuandika. Mtindo huchaguliwa, hali huingiwa. Ukizitenganisha hivyo, sentensi iliyomshinda mwenzako itakuwa: ‘Katika mtindo wa vi kuna hali ya kuingiza na hali ya amri.’

Vitenzi vya vidole navyo vinataka uangalifu. ‘Bofya’ kwa asili ni kuminya kidogo kwa kidole, kama mtu anayepima embe kama limeiva, na siku hizi limezoeleka kwa kipanya. Kwa kibodi napendelea ‘bonyeza’. Hata hivyo, Ctrl haibonyezwi tu, bali hushikiliwa. Katika ‘shikilia’ kiambishi cha kutendea kimerudiwa ili kuonyesha kitendo kinachodumu, nacho ndicho kinachotofautisha maelekezo mawili ambayo mwanafunzi huyachanganya kila siku: ‘shikilia Ctrl, kisha bonyeza A’ na ‘bonyeza Esc, uiachie, kisha bonyeza k’.

‘Ganda’ umelichagua vizuri. Linapatana na ‘kiini’, sehemu ya ndani ya mfumo ambayo ganda huizunguka, na kila aliyewahi kuvunja yai anaujua uhusiano huo. ‘Sheli’ lisingefaa, maana kwa Watanzania wengi sheli ni kituo cha mafuta. Jihadhari tu na kitenzi ‘ganda’, kwa kuwa kompyuta iliyokwama nayo tunasema imeganda. ‘Ganda limeganda’ ni sentensi sahihi, lakini isomwe kwa sauti darasani uone kitakachotokea.

Limebaki jina la vi lenyewe. Kwa Kiingereza hutamkwa herufi mojamoja, lakini katika sentensi ya Kiswahili hufanana na kiambishi cha ngeli kilichoachwa na neno lake, hasa baada ya ‘vitufe vya’. Litangulize kwa nomino, useme ‘programu ya vi’ au ‘mtindo wa vi’, na upatanisho wa kisarufi uifuate nomino hiyo: programu ya vi imefunguliwa, programu ya vi imefungwa. Na hapo, kwa kuwa programu huacha kweli kutumika, ‘funga’ liko mahali pake.