Mkuu wa Tabora, usiwashe hiyo NLB

Mkuu, simama hapo hapo ulipo. Usibofye kitu.

Nimesoma swali lako mara mbili kuhakikisha sijakuonea. Uko Tabora, ofisi kuu iko mjini, matawi yako Urambo na Nzega, umekabidhiwa seva tatu za Skype for Business Server (mfumo wa Microsoft wa simu na vikao) uziweke kwenye kundi moja, na unauliza mambo manne: NLB ya Windows (ile ya kugawia seva mzigo) uiweke kwa yunikasti au maltikasti, cheti kiwe na majina gani, kasi gani ya intaneti inatosha kwa vikao vya video, na UPS ipi inafaa. Wadau waliotangulia wamekujibu "weka yunikasti, rahisi, huna haja ya kugusa swichi". Mwingine kaongeza na kidole gumba. Hapo ndipo niliposhindwa kunyamaza, maana maneno hayo hayo niliambiwa mimi hapa Kigoma na mtu aliyelipwa vizuri kuyasema.

Jibu langu: si yunikasti, si maltikasti. Front End, yaani hizo seva zinazopokea simu na vikao, usiiwekee NLB kabisa.

Nakueleza kilichotupata. Shirika nililokuwa nafanyia kazi lilikuwa na ofisi Mwanga na ofisi ndogo Ujiji, zimeunganishwa kwa redio. Redio ile ilibeba megabiti kumi hivi kwa sekunde siku ikiwa na hali nzuri, na mtandao wote ulikuwa VLAN moja, yaani kipande kimoja kisichogawanywa, Mwanga hadi Ujiji. Najua. Usinicheke, niliukuta hivyo hivyo. Akaletwa mtaalamu kutoka Dar, kaja kwa ndege, kalala hoteli yenye kuangalia ziwa, kala migebuka yetu mpaka akaomba na ya kufungashiwa. Nikamwuliza kuhusu kununua kifaa cha kusawazisha mzigo. Akacheka. "Bosi, Windows inacho bure ndani yake, mnataka kutupa hela ziwani?" Mkurugenzi akasikia neno bure. Mjadala ukaishia hapo, na mimi nikasaini fomu ya kupokea kazi.

Sasa elewa yunikasti inafanya nini, kwa sababu hao waliokujibu nina shaka kama wanajua. Ukiiwasha, kadi za mtandao za seva zote tatu zinavuliwa anwani zao za MAC (namba ya kadi yenyewe, ambayo swichi huitumia kujua mlango) na kuvalishwa moja ya pamoja. Inaanza na 02-BF, kisha inafuata anwani ya IP ya klasta kwa heksadesimali. Klasta ikiwa 10.10.5.20, seva zote zinajiita 02-BF-0A-0A-05-14. Swichi ikiona MAC moja kwenye milango mitatu itachanganyikiwa, kwa hiyo NLB inaidanganya: paketi zinazotoka kwenye seva zinabandikwa MAC nyingine ya bandia. Matokeo yake swichi haijifunzi kamwe ile 02-BF inakaa mlango gani. Na swichi isiyojua mlango hufanya kama mpiga debe wa stendi anayetangazia stendi nzima jina la abiria mmoja: kila kinachokwenda kwa seva hizo inakitupa kwenye milango yote ya VLAN. Na hiyo si hitilafu, NLB imesanifiwa ifanye hivyo.

Umeona mtego ulipo? Mlango mmoja wa swichi yetu ulikuwa unakwenda kwenye redio ya Ujiji.

Tena usidhani inatupwa ile ya anwani ya klasta peke yake. Kadi ni moja na MAC imeshabadilishwa, kwa hiyo hata kinachokwenda kwa anwani binafsi ya seva kinamwagwa vilevile. Sauti na video za vikao huenda moja kwa moja kwa anwani hizo za seva. Simu ya watu wawili haina tabu kubwa, sauti yao inapita baina ya vifaa vyao. Ila kikao cha Jumatatu asubuhi, idara zote zimewasha kamera, kila mtu anasukuma picha yake kwenda Front End, na nakala ya kila paketi inapanda redioni kwenda Ujiji kutafuta seva ambayo haipo Ujiji. Megabiti kumi zinajaa kabla mwenyekiti hajamaliza kusoma ajenda.

Dalili tulizoziona ni hizi: Ujiji sauti inakatika, simu zinajiondoa kwenye seva, barua pepe hazifunguki, mfumo wa stoo umeganda. Kila Jumatatu. Mwanga hatuna shida hata moja, tunawaangalia watu wa Ujiji kama wanaotafuta visingizio. Nikampigia mtaalamu. Akasema bila kusita, "Redio yenu imechoka." Tukapandisha fundi mnarani. Tukanyoosha antena. Tukanunua redio mpya za pande zote mbili, mamilioni ya shilingi, kwa fungu ambalo lilikuwa la betri za seva. Redio mpya ikaja na uwezo mkubwa kidogo, mafuriko yakaijaza nayo. Nikampigia tena. "Umeme wa Kigoma huo." Mkuu, sisi tulioishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli tunajua umeme ukisumbua unasumbuaje, na hausubiri Jumatatu saa tatu.

Aliyetutoa ni kijana wa mafunzo kwa vitendo. Hakuwa anatafuta hata hilo tatizo, alitumwa Ujiji kurekebisha printa. Akachomeka kompyuta yake kwenye waya wa printa, akawasha Wireshark (programu ya kuchungulia paketi), kisha akanipigia na swali la adabu kabisa: "Samahani kaka, kwa nini printa inapokea kikao cha mkurugenzi?" Sauti yenyewe imesimbwa, printa haikusikia siri za mtu. Lakini paketi zilikuwa zinaimiminikia, zote zimeandikwa 02-BF. Nilikaa chini. Nikaikumbuka ile fomu niliyosaini.

Sasa najua kuna mtu hapa chini atakuja kusema "si muweke maltikasti tu". Tuliweka, ndugu yangu, tuliweka. Maltikasti inaziachia seva MAC zao halisi na kuongeza moja ya pamoja inayoanza na 03-BF. Watu wa VLAN ile wakapata simu vizuri. Waliopitia ruta, yaani wageni wote wa VPN na ofisi yetu ya tatu, ya Kasulu, wakawa hawaifikii anwani ya klasta kabisa. Sababu iko kwenye RFC 1812, kanuni za ruta za mwaka 1995: ruta haitakiwi kuliamini jibu la ARP (swali la "IP hii ina MAC gani?") linalodai kwamba anwani ya kifaa kimoja ina MAC ya maltikasti. Ruta za Cisco zinaitii, kwa hiyo unakwenda kuandika ARP kwa mkono kwenye ruta, halafu MAC kwa mkono kwenye swichi mlango kwa mlango, la sivyo mafuriko yanabaki pale pale. Siku swichi ikiungua na radi, na Tabora radi mnazijua kuliko sisi, aliye zamu usiku atakumbuka kuyaandika hayo?

Mwingine atasema "zitengee seva VLAN yake". Huyo namheshimu, mafuriko yatabaki humo ndani kweli, na sisi tulianzia hapo kujinusuru. Lakini mafuriko ni nusu ya ugonjwa. Nusu nyingine ni kwamba NLB haijui kama simu zinafanya kazi. Inachokijua ni kwamba Windows iko hai. Seva zinatumiana mapigo ya moyo kila sekunde moja, yakikosekana matano mfululizo mwenzao anatolewa kundini. Sawa. Je, huduma ya Front End ikifa na Windows ikabaki hai? Mapigo yanaendelea, NLB imeridhika, na watu wanaendelea kupelekwa kwa maiti. Ukiwa umeuacha uwake ule mpangilio wa kumfunga mteja kwa seva moja kwa kufuata anwani yake ya IP, basi ni watu wale wale wanaopelekwa pale siku nzima. Mhasibu hapati simu, jirani yake anapata, na wewe unaonekana una ugomvi na mhasibu. Kasulu ilikuwa nyuma ya NAT, yaani wote wanaonekana IP moja, kwa hiyo ofisi nzima ilikuwa juu ya seva moja huku nyingine mbili zinapiga usingizi. Hapo unasawazisha nini?

Kinachoniuma ni kwamba haya hayakuwa siri. Tangu enzi za Office Communications Server 2007, Microsoft walitaka kundi la Enterprise lenye Front End zaidi ya moja liwe na kifaa cha kusawazisha mzigo kinachojitegemea. Lync Server 2010 ikaleta kusawazisha kwa DNS (kitabu cha majina cha mtandao) kwa upande wa SIP (lugha ya kuanzisha simu), sauti na video, na huduma za wavuti zikabaki kuhitaji kifaa. Skype for Business ikarithi hivyo hivyo. Yule bwana angefungua maelekezo badala ya kufungua menyu ya hoteli tungelala salama.

Kwa hiyo fanya hivi. SIP iachie DNS: jina la kundi lipe rekodi ya A (jina kwenda IP) kwa kila Front End, seva tatu rekodi tatu, zikielekea anwani halisi za seva. Simu ikikosa moja inajaribu nyingine yenyewe. Huduma za wavuti zipe jina lake tofauti kwenye Topology Builder (programu ya kupangia mfumo huu), na jina hilo ndilo liende kwenye VIP, anwani ya pamoja ya kisawazisha mzigo. Usilielekeze jina la kundi kwenye VIP, utakuwa umeuvunja mpango wote. Watu wa ndani waingie 80 na 443. Wa nje wakipitia proksi yako, 80 yao ipeleke 8080 na 443 yao ipeleke 4443, maana IIS, seva ya wavuti ya Windows, ina tovuti mbili humo na ukiwachanganya watafika kwenye ile ya ndani, kisha utalaumu simu zao.

Kifaa chenyewe, kama hela ipo nunua. Kama haipo, sisi tuliweka mashine mbili ndogo za Linux zenye HAProxy (ya kugawa mzigo) na keepalived (ya kumpokeza mwenzake moja ikifa), kila moja kwenye seva yake ya chuma. Ukiziweka zote mbili kwenye chuma kimoja, usije hapa kuuliza kwa nini zimekufa pamoja. Uzuri wa HAProxy ni kwamba inaongea na Front End kwa anwani yake yenyewe, kwa hiyo jibu linarudi kupitia kwake. Ukichagua kifaa kinachobadilisha anwani ya mpokeaji tu na kuacha ya mtumaji, halafu seva na wateja wako wako mtandao mmoja, jibu litakatiza njia ya mkato moja kwa moja kwa mteja, mteja ataona limetoka kwa asiyemjua na kulikataa. Hilo nalo litakulaza ofisini. Halafu ile mifano ya HAProxy ya mtandaoni yenye kikomo cha sekunde hamsini usiinakili ilivyo, kikao kitakatwa mtu akinyamaza kufikiri. Sisi tuliweka dakika thelathini.

Na kipimo cha uhai kiwe cha huduma. Kifaa kiulize ukurasa wa HTTPS na kisubiri jibu lenye akili, kisiridhike na pingi. Pingi itakujibu hata seva ikiwa imebaki feni tu inazunguka.

Halafu kama hujalipia leseni, angalia unaweka toleo gani. Msaada wa toleo la 2015 na la 2019 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Akikuuzia mtu 2019 leo kwa bei ya kutupa, ujue anatupa kweli.

Kuna mambo mengine uliuliza, la UPS nalikumbuka, ila dagaa wangu wako juani na wingu limetanda upande wa Kongo, acha nikaanue kwanza.

Kabla hujamlipa mtu, fanya jaribio moja. Saa nne asubuhi, watu wote wako kazini, mwambie huyo mtaalamu wako aingie kwenye seva moja asimamishe huduma ya RTCSRV, ndiyo huduma ya Front End yenyewe. Asizime seva, azime huduma tu. Kisha mzunguke meza kwa meza mkipiga simu na kufungua vikao. Akikataa kuigusa mchana, au akianza kukuhadithia umeme wa Tabora, mkatie tiketi ya treni ya usiku huo huo, na asali asifungashiwe.