Herufi "L" na "H" kwenye majibu ya maabara

Pole kwa wasiwasi, dada. Umeandika seli nyeupe 3.6 zimewekewa "L" (yaani chini), sukari kabla ya kula 6.4 ikawekewa "H" (yaani juu), na huumwi popote. Herufi hizo huwekwa na mashine, na namba zako mbili hazisomwi kwa namna moja.

Kiwango cha kawaida cha seli nyeupe, ile 4.0 hadi 10.0, ni takwimu tu: hupimwa watu wenye afya, ikachukuliwa asilimia 95 ya katikati. Kwa hiyo mtu 1 kati ya 20 wasio na ugonjwa ataangukia nje. Tena viwango vingi tunavyotumia vilitokana na watu wa Ulaya na Marekani, ilhali Waafrika wengi kwa maumbile tuna neutrofili (aina mojawapo ya seli nyeupe) chache bila madhara yoyote. Tafuta majibu yako ya zamani. Kama siku zote uko kwenye 3.5 hivi, ndiyo kawaida yako. Ikiwa zimeshuka ghafla au unapata homa za mara kwa mara, hilo ni jambo jingine.

Mimi ningehangaikia sukari. Mpaka wake umewekwa kwa kuangalia madhara. Kwa WHO, 6.1 hadi 6.9 imeanza kupanda, 7.0 kwenda juu ni kisukari, na asiye na dalili hurudia kipimo siku nyingine. Je, ulikaa saa 8 bila hata chai? Kama hapana, anza kwa kurudia kipimo hivyo, kisha umwone daktari na karatasi zote.