Jibu: Dokumentari za watoto maskini zinasaidia kitu, au zinatutoa machozi tu?

Ndugu, umeuliza kama dokumentari kuhusu umaskini wa watoto zinafanya lolote zaidi ya kututoa machozi. Zinafanya, ila si zote.

Kinachomgusa mtazamaji ni mtoto mmoja mwenye jina na sura. Mwaka 2007 watafiti Small, Loewenstein na Slovic walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu waliosimuliwa habari za msichana mmoja walichangia zaidi kuliko waliopewa takwimu za mamilioni wenye njaa. Cha ajabu, kisa chake kilipoambatanishwa na takwimu zilezile, michango ilishuka! Nadhani mtu akishaona tatizo ni bahari, anakiona kijiko chake hakina kazi. Ndiyo maana filamu nzuri humwonyesha mtazamaji pa kuanzia: ada ya muhula, sare, mlo wa shuleni.

Zile zinazomrekodi mtoto na nzi usoni bila kumpa nafasi ya kusema, mimi sizipendi kabisa. (Hivi mzazi wake aliulizwa?) Huruma ya namna hiyo haimalizi wiki.

Ukiguswa, chukua hatua siku hiyohiyo kabla moyo haujapoa. Hakikisha shirika linalotajwa limesajiliwa na linatangaza hesabu zake, kisha changia kidogo kila mwezi, kwa kuwa ni rahisi kupanga kazi kwa fedha zinazojulikana zitaingia. Kama mfuko umekauka, jitolee kumfundisha mtoto wa jirani kusoma.