Picha ya Ukutani Imepauka na Imegandia Kioo, Nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni msomaji wako wa Kigamboni. Mwaka jana nilinunua picha kubwa ya majahazi kwa laki tatu na nusu, nikaambiwa ni ya kudumu, nikaitundika sebuleni mkabala na dirisha la upande wa baharini. Sasa hivi bluu yote imepotea imebaki wekunduwekundu, na kona moja imegandia kwenye kioo. Je nimepigwa? Na nikitaka nyingine niulize nini kabla sijatoa hela?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Kama umepigwa siwezi kusema, inawezekana hata aliyekuuzia hajui alichokuwa anauza, maana hilo neno "ya kudumu" kila mtu mjini analitumia. We uliza vitu viwili tu, wino gani na karatasi gani.

Wino wa printa za picha uko wa aina mbili kubwa. Kuna wa dai (dye kwa Kiingereza), rangi yake imeyeyuka kabisa inanywewa na karatasi, siku ya kwanza inang'aa mpaka raha lakini jua na hewa vinaila taratibu na unyevu unaifanya isambae, na dalili unazozisema zinafanana sana na huo. Alafu kuna wa pigimenti, hizi ni chembechembe ndogo mno za rangi ambazo hazijayeyuka, zinavumilia mwanga kwa miaka mingi zaidi. Epson wanauita UltraChrome, Canon wanauita Lucia, kwa hiyo mwenye mashine anayejua kazi yake atakujibu palepale, akianza kuzunguka we aga uondoke.

Karatasi tafuta ya pamba asilimia 100, isiyo na asidi. Ile ya bei rahisi inatokana na miti na inaweza kubaki na lignini, kitu cha asili cha kwenye mti kinachogeuka njano kwenye mwanga, ndo maana gazeti likisahaulika dirishani linakuwa njano. Hahnemühle wa Ujerumani, kiwanda cha tangu 1584, wana Photo Rag ya gramu 308 kwa mita ya mraba wakati karatasi ya fotokopi ni 80, ukiishika tu mkono unakwambia, nzito, laini, uso hauna mng'ao. Na ukiona nyeupe pee inayoelekea bluu jua mara nyingi imetiwa kemikali ya kung'arisha, ikiisha nguvu weupe unageuka krimu na rangi zote zinabadilika sura.

Sasa hapa ndo naomba unisikilize vizuri, maana Dar hii hata picha ya pigimenti juu ya pamba inakufa kwa sababu ya fremu. Unyevu wetu uko juu karibu mwaka mzima, masika ndo usiseme, na picha iliyobanwa moja kwa moja kwenye kioo ikipata unyevu inashikana nacho na ukungu unaanza kuota humohumo. Mwambie fundi aweke kadi nene isiyo na asidi iliyokatwa dirisha katikati, ili picha na kioo visigusane kabisa. Picha ishikiliwe kwa vikona vya karatasi vinavyochomekwa kwenye pembe zake, sio selotepu wala gundi, selotepu inaacha doa la njano ambalo halitoki. Mafundi wengi wanaweka hadibodi nyuma, hiyo nayo ina asidi, kwa hiyo kati yake na picha lazima kuwe na kadi nyingine safi. Nyuma ya fremu chini bandika vipande viwili vya koki, ile ya vizibo vya chupa, hewa ipite kati yake na ukuta, na isitundikwe kwenye ukuta unaopigwa na jua.

Hiyo uliyonayo usiibandue kwa nguvu wala usiiloweshe maji kama wengine wanavyoshauri, wino wa dai utatoka wote. Ipigwe picha au iskaniwe hivyohivyo na kioo chake, alafu mtafute mpigapicha, faili asilia likiwepo anaweza kukutolea nyingine sahihi.

SWALI: Kaka mimi napiga picha za mtaani Sinza na Kariakoo, kamera yangu ni megapikseli 24. Naweza kuuza hadi saizi gani, na namba zile za 3/10 zinazoandikwa kwenye picha zinazouzwa zina maana gani?

JIBU: Megapikseli 24 ni kama pikseli 6000 kwa 4000, ukigawa kwa pikseli 300 kwa kila inchi ya karatasi unapata karibu sentimita 50 kwa 34, yaani A3 (mara mbili ya A4) unaitoa bila wasiwasi, na A2 (mara mbili ya A3) pia inakubali kama picha ni kali kwelikweli. Ila faili liende kwa flashi au imeili, WhatsApp ukituma kama picha ya kawaida inalibana.

3/10 ni nakala ya tatu kati ya kumi, na ukishatangaza kumi ni kumi, ya kumi na moja ukiiuza kisirisiri umewaharibia wote walionunua mwanzo. Acha ukingo mweupe pande zote, saini na namba viandikwe kwa penseli hapo, na mpe mnunuzi kikaratasi chenye jina la wino, karatasi na mwaka ulioprinti. Ukimtumia kwa bodaboda iviringe pamoja na karatasi laini isiyo na asidi ndani ya bomba pana, sio jembamba, na mwambie aitoe siku hiyohiyo ailaze mezani ijinyooshe yenyewe.